Mlio wa saa nne usiku

Barua ya safari hii imetoka kwa msomaji aliyeko Texas, Marekani. Tumeficha mji wake na mambo machache yanayoweza kumtambulisha.

Shikamoo Mama Mshauri,

Nimeisoma safu hii miaka mingi nikiwacheka wenzangu kimoyomoyo. Leo zamu yangu.

Nina miaka 40, mzaliwa wa Kigoma mjini. Nipo Texas mwaka wa 17 sasa. Nilikuja kwa ile bahati nasibu ya viza, nikasomea unesi huku huku. Mume wangu ni Mkongomani wa Kivu Kusini, upande wa Fizi. Mwaka 1996 familia yao ilivuka ziwa kwa mtumbwi akiwa na miaka 11, akakulia kambini Nyarugusu mpaka alipoletwa Marekani kama mkimbizi. Tulikutana huku, kwenye arusi ya watu, tukacheka sana kwamba miaka yote ile tulitenganishwa na nauli ya basi la Kasulu tu. Tuna mtoto wa kiume wa miaka 14 na wa kike wa miaka 8. Ni mume mzuri. Hanywi, hapigi, mshahara anauleta nyumbani. Naandika haya usije ukadhani nalalamikia mtu mbaya.

Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, nilitoka kazini saa tano na nusu usiku. Maegesho ya wafanyakazi yako mbali na mlango, na taa mbili zilikuwa zimeungua. Mwanamume mmoja akaanza kunifuata. Kwanza aliomba kiberiti, halafu pesa, halafu nikaona mkono wake umeshika mlango wa gari langu. Nilitaka kupiga kelele. Mama, sauti haikutoka. Nilifungua mdomo na kuufunga kama mgebuka aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Gari la mlinzi likakata kona, taa zake zikatumulika, yule mtu akaondoka taratibu kana kwamba hakuna lililotokea. Nilipomsimulia mume wangu alisema, "Mungu amekulinda," akaniombea, yakaishia hapo.

Mwenzangu wa kazini, mama wa Kimarekani wa miaka 60 na ushei aliyekulia shambani, ndiye aliyenipeleka kwenye mafunzo. Tangu Septemba 2021 huku Texas mtu mzima asiye na kizuizi cha sheria anaweza kutembea na bastola bila leseni, lakini yeye alisema tusome kwanza, leseni tuichukue. Tukakaa darasani nusu siku, kisha uwanja wa shabaha: risasi 50, za kwanza 20 kutoka yadi 3, nyingine 20 kutoka yadi 7, na 10 za mwisho kutoka yadi 15. Kufaulu ni alama 175 kati ya 250. Nilipata 238. Mimi, mtoto wa muuza dagaa.

Baadaye nililipia kozi ya siku mbili ya kujilinda, na mwaka huu nimerudia ya pili. Humo ndimo nilimoonjeshwa utamu. Unafundishwa kuichomoa bastola chini ya shati bila papara, kusogea huku unalenga, kujua wakati ambao hupaswi kufyatua kabisa. Na unafundishwa kupiga kelele! Mwalimu alinisimamisha mbele ya watu 12, akanitaka niseme "Rudi nyuma!" mpaka watu wa uwanja wa pili wageuke. Mara ya tatu wakageuka. Nilirudi nyumbani koo limekauka na moyo mweupe.

Sasa mwalimu alituambia ujuzi huu unaoza usipofanyiwa mazoezi, tena mazoezi mengine hayahitaji hata risasi. Dakika kumi nyumbani, bastola tupu, unafyatua kavu. Siku zangu za mapumziko, saa nne usiku, watoto wakishaingia vyumbani, natoa magazini, yaani kikasha cha risasi, nakoki mara tatu, naangalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole. Risasi zote nazipeleka jikoni juu ya friji. Nimebandika kikaratasi chekundu kwenye mlango wa kabati la nguo, lile lililoegemea ukuta wa chumba cha kijana. Halafu naweka sarafu juu ya bastola, karibu na ile nundu ya mbele ya kulengea. Wamarekani hutumia senti kumi yao. Mimi nina shilingi mia yenye sura ya Mwalimu Nyerere, ilibaki kwenye pochi tangu safari ya nyumbani. Nikivuta kifyatulio na Mwalimu akabaki palepale, najua mkono umetulia. Akianguka, narudia.

Usiku wa kwanza mume wangu alikuwa sebuleni anatazama mpira. Nilipokoki tu, akasimama mlangoni. Hakunitazama mimi, alitazama dirisha. Kisha akatoka nje peku, akalala garini. Asubuhi akaniambia, "Mama ya watoto, ile kitu itoke mu nyumba. Ile sauti mi naijua." Nilijaribu kumweleza kwamba haina risasi, nikataka hata kumwonyesha. Alifumba macho. Toka siku hiyo, nikifanya mazoezi anatoka, na nisipofanya bado anakaa macho mpaka saa saba akinisubiri nifanye. Mwezi uliopita amesema neno jipya: silaha itoke, ama yeye atatoka.

Mimi naona anahitaji kuzoea tu. Nimemwomba twende wote uwanjani aone, amekataa. Watu wa kanisani wanasema mwanamke gani anashika bastola. Mama yangu, kwenye simu, alilia. Kijana wetu hana tatizo nayo, hata hajali. Siku hizi hajali chochote, tangu tuhame shule ameacha mpira, anashinda chumbani na simu, umri wao ndivyo ulivyo. Binti ndiye mwenye maswali. Usalama wa watoto nimeuzingatia: inakaa kwenye sefu ndogo ya tarakimu nne, na tarakimu zenyewe hatuzisahau, ni mwaka wa ndoa yetu. Kazini hairuhusiwi kuingia nayo, inabaki garini kwenye kisanduku cha chuma.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Mwezi wa tatu nilimaliza mazoezi, nikarudisha risasi, nikakoki ikawa tayari, nikaiweka kwenye sefu. Halafu nikakumbuka kwamba mara ya mwisho Mwalimu alianguka. Nikasema ngoja moja tu ya kufungia. Nikaitoa, nikalenga kile kikaratasi, nikachukua sarafu niiweke. Uzito ndio ulionishtua. Bastola ilikuwa nzito. Nilikaa chini sakafuni nusu saa.

Nimeendelea na mazoezi, kwa uangalifu zaidi. Swali langu ni hili: niiuze ili kuokoa ndoa, au nisimamie haki yangu ya kujilinda mpaka mwenzangu aelewe?

Mama wa Wawili, Texas

*

Marahaba mwanangu. Shikamoo yako imenifikia salama, na wewe pia, nashukuru Mungu, umenifikia salama.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliiona kama ulivyoiuliza wewe mwenyewe: kuuza au kukaza. Mke ana hofu ya maegesho, mume ana hofu ya mlio, nyumba ni moja. Mara ya nne nilikuwa siifikirii tena bastola yenyewe. Niliwaza habari ya kabati la nguo.

Lakini niruhusu nianze pale ulipomalizia, na lile ulilomficha kila mtu. Walimu wa silaha wanalijua sana tukio lako. Mikono imesharudisha risasi, ila kichwa bado kiko mazoezini. Mtu anasema "moja tu ya kufungia", na hiyo moja ndiyo inayotoboa runinga, au mguu, au mtu. Halikukupata kwa sababu wewe ni mzembe. Linawapata wenye miaka 20 kwenye kazi hiyo. Ndiyo maana wengi wao hufundisha kwamba mazoezi yakiisha unasema kwa sauti, "Yamekwisha," unabandua kikaratasi ukutani, na usiku huo huigusi tena hata ukumbuke nini. Wengine hawarudishi risasi mpaka muda mrefu upite. Wewe umeniandikia unaendelea "kwa uangalifu zaidi". Uangalifu gani hasa? Mwezi wa tatu nao ulikuwa mwangalifu: ulikoki mara tatu, ulitia kidole kwenye chemba, ulipeleka risasi jikoni. Kilichokuokoa ni uzito wa chuma kiganjani. Nakuuliza tu, kuna utaratibu gani umebadilika tangu siku ile, ukiacha ile hofu?

Sasa kabati. Bila shaka ulifundishwa zile kanuni nne alizozieneza Jeff Cooper, yule mwanajeshi mstaafu aliyefungua shule yake ya bastola Paulden, Arizona, mwaka 1976. Kila silaha ihesabu kuwa ina risasi. Mdomo wake usielekee kitu usichokuwa radhi kukiharibu. Kidole mbali na kifyatulio mpaka umelenga. Na ya nne: jua unacholenga, na jua kilicho nyuma yake. Nyuma ya kikaratasi chako kuna mlango wa mbao, nyuma yake nguo, nyuma ya nguo ukuta, na nyuma ya ukuta kijana wako na simu yake. Kuta za ndani za nyumba nyingi za huko ni mbao na jipsamu. Si tofali la kuchoma la Kigoma, risasi ya bastola inazipita. Sikuandikii haya nikuumize. Nadhani hata wewe ulipokaa sakafuni ile nusu saa ulikuwa unautazama ukuta ule.

Hilo halisubiri uamuzi wa ndoa. Kikaratasi kinaweza kuhama leo.

Turudi kwa baba watoto. Umeandika "anahitaji kuzoea tu". Nimelitafakari sana neno hilo. Mtoto wa miaka 11 wa Fizi mwaka 1996 aliposikia chuma kikikokiwa gizani, pengine kilichofuata kilikuwa mlango kuvunjwa. Sijui yaliyompata, na inaelekea nawe huyajui yote, maana barua yako ndefu imeyapita kwa sentensi moja ya mtumbwi. Ulitaka kumwonyesha kwamba haina risasi. Lakini ona alichofanya: alitazama dirisha. Mwili wake ulikuwa unatafuta pa kutokea kabla akili haijajua yuko Texas, sebuleni, mpira unaendelea. Kumwambia haina risasi ni kuijibu akili. Kilichosimama pale mlangoni hakikuwa akili. Ndiyo maana na ile safari ya uwanjani, unayoiona kama tiba, mimi ingenitia wasiwasi. Wapo waliowahi kwenda kwa hiari yao na kwa mpango wao, wakarudi wamepungukiwa hofu. Kwenda kwa kuburutwa, mahali pa milio mia kwa dakika, kunaweza kumrudisha mtu pale alipotoka kwa mtumbwi.

Wakati huohuo, sitaki ubaki na fikra kwamba yeye peke yake ndiye ana haki ya kusikilizwa kwa kuwa jeraha lake ni kubwa na la zamani. Ulimweleza mtu aliyeshika mlango wa gari lako, akasema Mungu amekulinda. Ni kweli, amekulinda. Ila hakuuliza ulihisi nini, hakuuliza taa zimetengenezwa, hakusema kesho nitakuja kukuchukua. Kwa hiyo ukaenda kutafuta mahali ambapo hofu yako ingepewa uzito, ukapakuta: watu 12, mwalimu, na sauti yako ikitoka mara ya tatu. Nimekisoma kipande hicho nikitabasamu peke yangu. Mabinti wa mwambao wa ziwa tulilelewa kuambiwa punguza sauti, kaa vizuri, usimkodolee mtu macho. Wewe umelipa pesa yako ufundishwe kinyume, na imekupendeza. Nadhani mkigombania bastola, hicho ndicho unachoogopa kunyang'anywa.

Basi hebu tukitenganishe na chuma kidogo. Kozi ulizosoma, sehemu kubwa haina risasi ndani yake: kuona mtu mapema, kusimama wima, kutopekua pochi ukitembea gizani, kupaza sauti, kujua pa kukimbilia. Hayo umeshakuwa nayo na hakuna wa kukuambia uyauze. Halafu jiulize swali ambalo sijaona umejiuliza. Yule mtu alikufuata kati ya mlango wa kazini na gari. Kwenye mwendo huo bastola yako iko wapi? Umeniandikia mwenyewe, iko garini kwenye kisanduku. Yaani pale hasa palipokutia hofu, unatembea bila hiyo. Naweza kuwa nakosea, huenda kuna hofu nyingine za barabarani na nyumbani ambazo hukuziandika. Lakini kama hofu ni yale maegesho, basi taa mbili zilizoungua, mlinzi wa kukusindikiza, wenzako watatu wa kutoka nao pamoja, na mume wa kukupigia simu saa tano na nusu, vinagusa mahali ambapo bastola haifiki. Taa zile zimebadilishwa?

Na sasa kijana. Nilisema mara ya nne nilikuwa nawaza kabati. Umempa mstari mmoja na nusu, ukampita. Amehamishwa shule, ameacha mpira, hajali chochote, anashinda chumbani. Huenda ni umri kweli. Nimelea wanne, nao kuna mwaka walinisalimia kwa kuguna. Ila wewe ni nesi. Mgonjwa akikuambia ameacha alichokipenda, hataki watu, hajali kitu, ungeandika nini kwenye faili? Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vyote vya risasi ni vya watu waliojiua. Na anayejaribu kujiua kwa bunduki mara chache sana huponea, wakati wanaojaribu kwa njia nyingine wengi huokolewa na kuishi. Kwa kijana, kutoka wazo mpaka tendo kunaweza kuwa ni dakika tu. Sisemi mwanao anawaza hivyo. Nasema hujui, nami sijui, na sefu inafunguliwa kwa tarakimu ambazo mtoto yeyote aliyewahi kula keki ya kumbukumbu ya ndoa yenu anazijua.

Kwa hiyo kabla ya mambo ya mumeo, kuna mambo mawili ningekuomba uyawaze hata leo. Tarakimu zibadilike, ziwe ambazo hazipo kwenye picha yoyote ukutani, na risasi zikae pengine kabisa kwa kufuli, si juu ya friji. Hata sheria ya Texas inamhesabu mtu mzima kuwa na kosa la jinai akiiacha kwa uzembe silaha yenye risasi bila kuifungia, kisha mtoto chini ya miaka 17 akaifikia, ingawa sidhani ni sheria utakayoiogopa ukiwa mama. La pili, mwulize kijana. Si kwa ukali, si mbele ya dada yake. Garini ni pazuri, hamtazamani usoni. Muulize shule mpya ikoje, na mpira vipi. Na kama roho inakusukuma, muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujiumiza. Huko kazini mmeshafundishwa kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Namba 988, ile simu ya msaada kwa wanaowaza kujiua, inafanya kazi saa zote, na hata mzazi mwenye wasiwasi anaruhusiwa kuipiga.

Nikirudi kwenye swali lako: kuuza au kusimamia haki. Haki unayo, kwa sheria ya hapo ulipo. Msomaji wetu wa Dar es Salaam anayejua bastola ya raia ni mlolongo wa kibali cha polisi atashangaa kwamba huko unaingia dukani, unakaguliwa jina, na unatoka nayo mchana huohuo. Ila kitandani haki ya kisheria haimalizi ubishi. Nimewaona wanandoa walioshinda kesi na kupoteza nyumba, na wengine waliouza kitu "kwa ajili yako" kisha kila ugomvi wa chumvi ukawa unarudi kwenye kile kitu. Ukiiuza huku umeng'ata meno, bastola itatoka, na wewe utabaki umeshikilia nafasi yake. Ukiibakiza kwa kumtunishia kifua, huenda kweli akaenda kulala garini moja kwa moja. Sijui lipi ni zito zaidi kwako, na sidhani anayelijua ni mimi.

Kati ya hizo mbili kuna vijia. Bastola inaweza kutoka nyumbani kwa muda bila kuuzwa. Kuna maduka na viwanja vya shabaha vinavyohifadhi silaha za watu kwa malipo, na yupo yule mama wa shambani, ikiwa sheria ya hapo inaruhusu, uulize kwanza. Miezi mitatu, tuseme, mpaka umjue kijana vizuri na mumeo apate usingizi. Hatari yake ni kwamba usiku wa kwanza utajiona mtupu, na hasira inaweza kukujia kwamba umeshindwa. Au mazoezi yahame, silaha ibaki: ukafanyie uwanjani, au kwa huyo mama, au utumie ile bastola ya plastiki ya rangi isiyoweza kupokea risasi. Haikoki, haina mlio, na "moja ya kufungia" ikikupitia haimuui mtu. Hatari ya hapo ni kuifanya kwa siri. Ukianza kujificha chooni na plastiki, mumeo akikukuta, atakachoona ni mke anayemficha kitu, si rangi yake.

Tena kuna hili. Mambo ya mumeo na usiku wake ni makubwa kuliko bastola. Hata ikitoka kesho, mlango wa gari la jirani ukifungwa kwa kishindo bado atatazama dirisha. Miji mingi ya Texas iliyopokea wakimbizi ina mashirika yaliyozoea watu waliopita vitani, mengine yana wakalimani wa Kiswahili. Sikuambii umpeleke kama mgonjwa. Ungeweza kuanza kwa kumuuliza, siku isiyo ya mazoezi, chai ikiwa mezani: ile sauti uliisikia wapi? Kisha unyamaze. Uwe tayari asijibu siku hiyo. Na uwe tayari kumsikia bila kumalizia na "lakini hii yangu haina risasi".

Na wewe una la kumwambia. La mwezi wa tatu. Najua kwa nini umelificha: akilijua, hoja yako imekufa. Huenda. Huenda pia ikawa ni mara ya kwanza amekusikia ukiogopa kitu kilekile anachokiogopa yeye, na mkajikuta mmekaa upande mmoja wa meza. Siwezi kukuahidi. Anaweza kusimama akatoka peku tena. Ila unalibeba peke yako tangu Machi, na umemwambia bibi usiyemjua kabla ya mtu unayelala naye.

Mama yako aliyelia kwenye simu, usimjibu kwa maelezo ya yadi na alama. Mwambie kuhusu maegesho, nadhani hakuambiwa. Watu wa kanisani waache waseme, hawatoki kazini saa tano na nusu.

Niandikie tena ukipata nafasi. Usinieleze umeamua nini kuhusu bastola kama bado hujaamua. Niambie kijana amesemaje kuhusu mpira.

Wako,
Mama Mshauri